Usukani Mwepesi Kupita Kiasi: Namna ya Kuupa Uzito Kwenye Gari la Zamani

Usukani unaozunguka kwa kidole kimoja ni raha wakati wa kuegesha. Gari likifika kilomita 100 kwa saa, raha hiyo hugeuka kero: mikono haipati habari yoyote ya barabara, gari linayumba kwa msogeo mdogo tu, na kwenye kona huwezi kujua tairi za mbele zimebakiwa na mshiko kiasi gani. Magari mengi ya zamani yalitoka kiwandani hivyo kwa makusudi. Chrysler ilipoanza kuuza Imperial yenye pawa stelingi (usukani unaosaidiwa na pampu ya mafuta) mwaka 1951, wepesi ndio uliokuwa sifa ya kutangaza, na kampuni nyingine zikafuata mkondo huo. Mengine yalitoka yakiwa na uzito mzuri yakaupoteza baadaye: springi zimelala, bushi zimekufa, tairi zimebadilishwa, vali ya pampu imekwama. Kwa magari ya kundi hili la pili huhitaji kubuni chochote. Unarudisha kilichopotea.

Kabla ya kushika spana, elewa uzito unaoutafuta unatoka wapi. Tairi ya mbele ikikunjwa wakati gari linatembea, barabara yenyewe inaisukuma irudi katikati. Nguvu hiyo inapita kwenye tairodi (fimbo zinazosukuma magurudumu yageuke), reki (fimbo yenye meno inayosogeza tairodi) na shafti ya usukani hadi mikononi mwako. Inaongezeka kadiri kona inavyokaza, na inapungua tairi inapokaribia kuteleza. Huo ndio uzito unaosema kitu. Uzito wa msuguano, yaani ule wa skrubu iliyokazwa mno, krosi (kiungo cha shafti) yenye kutu au beringi iliyokauka, ni bubu: uko vilevile barabara ikiwa kavu au ikiwa na utelezi, na zaidi ya hapo unauzuia usukani kurudi wenyewe. Kwa hiyo kazi ina mpangilio: ondoa ulegevu na msuguano, kisha ongeza nguvu ya kurudi inayotoka kwenye magurudumu, na mwisho kabisa ndipo uguse pampu.

Mwepesi au mlegevu?

Mara nyingi gari linalolalamikiwa kuwa lina usukani mwepesi lina usukani uliolegea. Ukiongeza uzito juu ya ulegevu, utapata gari ambalo halijibu chochote katikati kisha linashika ghafla. Anza hivi:

1. Gari likiwa chini, magurudumu yakiangalia mbele, washa injini kama kuna pawa stelingi. Sogeza usukani kushoto na kulia taratibu hadi tairi ianze kutikisika. Pima mchezo kwenye ukingo wa usukani kwa rula. Vitabu vya magari mengi ya abiria huweka ukomo wa mm 30, lakini gari lenye reki nzima huwa chini kabisa ya hapo. Ukiona zaidi ya mm 15 kwenye reki, kuna kitu kimelika.

2. Mwambie mtu aendelee kusogeza usukani hivyohivyo huku wewe ukiwa chini ya gari. Usitegemee macho peke yake. Weka vidole katikati ya kila kiungo, nusu ya kidole upande huu na nusu upande ule. Kiungo kilichokufa utakisikia kikigonga kabla hujakiona. Pita tairodi za nje, tairodi za ndani (kamua mpira wa reki ndipo uzisikie), krosi za shafti, na ile sahani ya mpira inayounganisha shafti na boksi (kasha la gia za usukani linalokaa badala ya reki) kwenye magari ya zamani.

3. Angalia reki yenyewe kwenye mabano yake. Kasha la reki likitembea zaidi ya mm 1 au 2 kabla tairi haijageuka, bushi za reki zimekwisha. Bushi hizi ni rahisi kubadilisha na faida yake inasikika mara moja.

4. Nyanyua mbele kwa jeki, shusha gari kwenye stendi, kisha tikisa gurudumu. Mchezo ukiushika juu na chini unaelekeza kwenye beringi ya gurudumu au boljointi (kiungo cha tufe kati ya mkono na gurudumu). Mchezo wa kushoto na kulia unaelekeza kwenye tairodi.

5. Kwa kutumia ubao mrefu au nondo, sukuma mkono wa chini unaoshikilia gurudumu mbele na nyuma. Bushi ya nyuma ya mkono huu ndiyo inayoshikilia kasta (mlalo wa mhimili wa kugeukia, utaelezwa mbele) gari linapofunga breki na linapopita kwenye mashimo. Ikiwa imepasuka, gurudumu linarudi nyuma kila unapokanyaga breki, na uzito wa usukani unapotea wakati unapouhitaji zaidi.

Msuguano nao utafute hapohapo gari likiwa juu ya stendi. Zima injini, zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa taratibu. Unatakiwa uende kwa uzito mmoja. Ukikaza na kulegea mara mbili katika kila mzunguko, krosi ya shafti imeshika kutu. Ukisikia springi ya mbele ikiruka kwa mlio wa "tung", beringi ya juu ya shokapu imekufa. Vyote viwili huwafanya watu wadhani usukani wao una uzito mzuri, ilhali kilichopo ni ukakamavu.

Chukua vipimo vya mwanzo

Bila vipimo utadanganywa na mikono yako, kwa kuwa mikono huzoea haraka. Funga mizani ya ndoano kwenye ukingo wa usukani, injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), gari kwenye lami kavu iliyo sawa, na vuta kwa kufuata mzunguko hadi usukani uanze kwenda. Gari lenye pawa stelingi ya kawaida huhitaji kilo 2 hadi 4 hivi. Andika namba ya kushoto na ya kulia. Zikitofautiana sana, tatizo liko kwenye vali ya reki au boksi, na hakuna marekebisho ya tairi yatakayoliondoa.

Kipimo cha pili ni cha kurudi. Mahali pa wazi pasipo na watu, endesha kwa kilomita 35 kwa saa, zungusha usukani digrii 90, shikilia sekunde moja au mbili, kisha legeza mikono huku ikiwa tayari kuukamata. Usukani wenye afya hurudi angalau digrii 70 wenyewe. Usiporudi, rudia hatua za juu kabla ya kuendelea.

Tairi na upepo

Upepo mwingi mbele hupunguza eneo la tairi linalogusa barabara, na usukani unakuwa mwepesi. Watu wengi hujaza psi 38 au 40 kwa gari ambalo kibao chake cha mlangoni kinasema 30. Rudisha kwenye namba ya kibao, tairi zikiwa baridi, kisha endesha siku chache. Usishuke chini ya namba hiyo ukitafuta uzito zaidi: tairi inapata joto, ukuta wake unakunjika, na usukani unakuwa mzito na mzembe kwa wakati mmoja.

Aina ya tairi nayo ina mchango mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Tairi yenye ukuta laini hula sehemu ya msogeo wa kwanza kabla ya kugeuza gari. Ukihama kutoka ukuta wa 70 kwenda wa 60 (kimo cha ukuta kwa asilimia ya upana wa tairi), na kipenyo cha jumla kikibaki kilekile, katikati ya usukani panakaza bila kuguswa kitu kingine. Kupanua tairi kwa mm 10 kunaongeza uzito wa kuegesha zaidi ya ule wa barabara kuu, na ukizidisha, tairi itaanza kufuata mifereji ya lami na kukuvuta mikono.

Rimu zenye ofseti ndogo (umbali wa uso wa kufungia rimu kutoka katikati ya upana wake, huandikwa ET kwa mm) na spesa (sahani za kusogeza gurudumu nje) ni njia ya mkato ambayo wengi huikimbilia. Kutoka ET45 kwenda ET35 kunasogeza gurudumu mm 10 nje, na usukani unaongezeka uzito kweli. Lakini uzito huo unatoka kwenye umbali kati ya katikati ya tairi na mhimili wa kugeukia, kwa hiyo kila shimo la upande mmoja linaupiga usukani, na ukifunga breki huku magurudumu ya upande mmoja yakiwa kwenye mchanga, gari linavuta. Beringi za magurudumu nazo zinabeba mzigo wa ziada. Ofseti ibaki karibu na ya kiwandani.

Kasta: hapa ndipo kazi ilipo

Kasta ni ule mlalo wa mhimili wa kugeukia ukiutazama kutoka ubavuni mwa gari. Boljointi ya juu, au kichwa cha shokapu, ikiwa nyuma zaidi ya boljointi ya chini, kasta ni chanya. Uma wa mbele wa baiskeli umelala kwa sababu hiyohiyo: mhimili unagonga ardhi mbele ya mahali tairi inapoigusa, kwa hiyo tairi inaburutwa nyuma ya mhimili na daima inataka kunyooka.

Umbali huo wa kuburutwa unaweza kuukokotoa. Kwa tairi yenye nusu kipenyo cha mm 300, kasta ya digrii 2 inatoa mm 10 hivi, digrii 4 inatoa mm 21, na digrii 6 inatoa mm 31. Tairi yenyewe nayo ina mchango wake, maana inapokunjwa nguvu ya pembeni hukaa nyuma kidogo ya katikati ya eneo linalogusa ardhi. Ndiyo maana kuongeza kasta mara mbili hakuongezi uzito mara mbili. Magari ya zamani yaliyoundwa kwa usukani wa mkono mara nyingi yalipewa kasta ndogo ili dereva asichoke, kisha yalipowekewa pawa stelingi kasta ikabaki ileile. Kwa gari la namna hiyo, ongezeko la digrii 1.5 hadi 2 linabadilisha tabia yake kabisa kwenye mwendo wa kasi.

Kabla ya kununua kipande chochote, pima kimo cha gari. Chukua rula kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, na linganisha na kitabu cha gari. Pua ikishuka au mkia ukinyanyuliwa, bodi nzima inalala mbele na kasta inapungua. Kwa gari lenye mita 2.5 kati ya ekseli, kila mm 44 za tofauti ya kimo kati ya mbele na nyuma ni digrii 1 ya kasta. Springi za mbele zilizolala mm 25 na spesa za springi za mm 20 zilizowekwa nyuma ili gari libebe mzigo tayari zimekula digrii nzima. Springi mpya za mbele zinarudisha digrii hiyo bila ufundi mwingine wowote.

Kasta unaweza kuipima mwenyewe kwa kipima kemba (mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele) cha sumaku au cha simu kilichowekwa kwenye uso wa rimu. Kila gurudumu likae juu ya sahani mbili zilizopakwa grisi kati yake ili ligeuke bila kujiburuta. Geuza gurudumu digrii 20 kuelekea nje, soma kemba. Geuza digrii 20 kuelekea ndani, soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili ukiizidisha kwa 1.5 unapata kasta. Fanya mara mbili kila upande, na gari lisiwe na mtu ndani wala mzigo.

Namna ya kuirekebisha inategemea muundo wa mbele.

*Mikono miwili yenye shimu.* Mkono wa juu umefungwa kwa bolti mbili, moja mbele na moja nyuma, na chini ya kila moja kuna shimu (kipande chembamba cha chuma cha kujazia nafasi). Lengo ni kuirudisha boljointi ya juu nyuma. Tazama kwanza shimu inausukuma mkono upande gani. Kama inausukuma kuelekea injini, toa shimu kwenye bolti ya mbele na uiweke kwenye bolti ya nyuma. Kama inausukuma kuelekea gurudumu, fanya kinyume. Kwa kuwa unene wa jumla umebaki uleule, kemba inabaki karibu palepale. Boljointi mbili zikiwa na mm 280 kati yake, kuirudisha ya juu nyuma kwa mm 5 ni digrii 1. Hakikisha baada ya kukaza bolti bado inatokeza nyuzi mbili au tatu nje ya nati.

*Shokapu za MacPherson.* Hapa mhimili ni mrefu, mm 650 hivi, kwa hiyo mm 10 zinakupa digrii 0.9 tu. Kama mkono wa chini unashikiliwa na fimbo inayokwenda mbele kwenye chasisi, fimbo inayorekebishika ikifupishwa inavuta boljointi mbele na kasta inaongezeka. Kama fimbo inakwenda nyuma, irefushe. Gari lisilo na fimbo hutengenezewa bushi za mkono zenye tundu lililohamishwa pembeni, ambazo kwa kawaida hutoa digrii 0.5 hadi 1. Njia nyingine ni sahani za juu za shokapu zenye mfereji wa kusogeza kichwa nyuma. Epuka viungo vya chuma kitupu kwenye gari la kila siku, vinaleta kelele na vinachakaa kwa vumbi na tope. Bushi za poliyurethani ngumu kiasi zinatosha.

*Ekseli nzima ya mbele.* Gari la 4x4 lililonyanyuliwa karibu kila mara limepoteza kasta, hasa lenye mikono mirefu na springi za koili, maana mikono ikishuka ekseli inazunguka. Bushi za kurekebisha kasta, au kabari kati ya springi za majani na ekseli, ndizo dawa. Jihadhari na jambo moja: ukiizungusha ekseli ili kasta iongezeke, pua ya difu ya mbele inaelekea chini na krosi ya propela inapata pembe mbaya zaidi. Ukisikia mtetemo mpya kwenye mwendo fulani baada ya kazi hii, chanzo ni hapo.

Kwa miundo yote, bolti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza gurudumu likining'inia, mpira unabaki umesokotwa, unapasuka ndani ya miezi michache, na kasta uliyoiweka inaondoka nao.

Tofauti ya kulia na kushoto isizidi digrii 0.5. Gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo. Baada ya kugusa kasta, tou (mwelekeo wa magurudumu kuangaliana ndani au nje ukiyatazama kutoka juu) imebadilika pia, kwa hiyo rudi kwenye wili alaimenti siku hiyohiyo. Weka tou ya ndani ya jumla ya mm 1 hadi 2 kwa gari la kuendeshwa nyuma, au kama kitabu kinavyosema. Tou ya nje inaharibu kila kitu ulichotafuta: katikati panakuwa na wasiwasi. Usijaribu kutafuta uzito kwa kuzidisha tou ya ndani, utakata tairi kama msumeno upande mmoja. Mwisho, geuza usukani hadi mwisho kila upande na uangalie nafasi kati ya tairi na plastiki ya ndani ya bampa, kwa sababu ukisogeza boljointi ya chini mbele, gurudumu zima limesogea mbele.

Usukani wenyewe

Usukani mdogo ni wenzo mfupi, na hesabu yake ni rahisi. Kutoka kipenyo cha mm 400 kwenda 360 nguvu inayotakiwa inaongezeka asilimia 11. Kutoka 380 kwenda 350, kama asilimia 9. Faida yake ni kwamba kila kinachotoka kwenye tairi kinafika mikononi kikiwa kimekuzwa kwa kiwango hichohicho. Usiende chini ya mm 340 kwenye gari lisilo na pawa stelingi, wala usichague kipenyo kinachofunika geji ya mwendo.

Kama usukani una mfuko wa hewa, uache. Kwa usio nao: tenganisha betri, weka alama ya rangi kwenye shafti na kitovu kabla ya kuvuta, legeza nati bila kuitoa yote ili usukani usikurukie usoni unapoachia, na usipige shafti kwa nyundo hata kidogo, kwa kuwa shafti nyingi zimetengenezwa zikunjike kwenye ajali na nyundo inazikunja mapema. Kaza nati mpya kwa toki (nguvu ya kukazia) ya kitabu.

Pampu na vali

Ukifika hapa na usukani bado ni mwepesi, sasa msaada wa mafuta ndio uliozidi. Kagua kwanza kama mfumo ulitakiwa kupungua wenyewe kwa mwendo. Magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990 yana vali ya umeme kwenye reki au boksi inayopokea taarifa ya mwendo. Sensa ya mwendo ikifa, waya ukikatika au vali ikikwama kwa uchafu, msaada unaweza kubaki mmoja wakati wote. Pima ukinzani wa koili ya vali na ulinganishe na kitabu, angalia kama taarifa ya mwendo inafika, safisha plagi. Usikate waya kwa kubahatisha, maana mifumo hii haifanani: mmoja ukikosa umeme unakuwa mzito, mwingine unabaki mwepesi.

Pampu nyingine hupunguza mafuta kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, kupitia vali ndogo ya bastola iliyo nyuma ya nati ya mpira wa presha. Vali hiyo ikikwama kwa mchanga wa chuma, msaada wa barabara kuu unakuwa uleule wa kuegesha. Kuitoa, kuisafisha kwa mafuta safi na kuhakikisha inateleza kwa uzito wake yenyewe ni kazi ya nusu saa.

Kama vyote ni vizima, kupunguza msaada kunafanyika kwenye mtiririko wa mafuta. Mara nyingi hapa watu hugusa kitu kisichohusika. Vali ya kufungulia presha hufanya kazi tu unapofika mwisho wa usukani au unapoegesha kwa nguvu, kwa hiyo kuishusha hakubadilishi chochote kwenye kilomita 100. Puli kubwa ya pampu nayo inapunguza mafuta injini ikiwa sailensa tu, kwa sababu juu ya hapo pampu tayari inarudisha mafuta ya ziada yenyewe. Kinachopanga mtiririko wa barabarani ni tundu dogo kwenye nati ya kutolea mafuta kwenye pampu.

Pima tundu hilo kwa biti za drili: biti inayoingia bila kulegea ndiyo kipimo. Tafuta nati ya pili ya pampu hiyohiyo yenye tundu dogo zaidi, au mchongaji akutengenezee, na ya asili uihifadhi. Kutoka mm 4.0 kwenda 3.6 eneo linapungua asilimia 19, na mtiririko unapungua karibu hivyohivyo. Kwa kuwa presha kwenye vali ya reki inafuata mtiririko kwa kipeo cha pili, msaada kwa msogeo uleule wa usukani unashuka kama theluthi moja. Hatua hiyo ni kubwa. Anza na mm 0.2 na upime tena kwa mizani. Usizibe tundu kwa risasi ya kuchomelea, ikimeguka itaingia kwenye reki.

Weka oringi mpya na mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mafuta ya ATF (yale ya gia otomatiki) na mafuta ya kijani ya CHF hayachanganywi. Mafuta mazito ya injini au ya gia hayana nafasi humu: yanavimbisha au kukausha sili, na asubuhi pampu inalia. Toa hewa gari likiwa juu ya stendi, injini imezimwa, kwa kuzungusha usukani mwisho hadi mwisho mara 15 hivi huku ukijaza, kisha washa. Mafuta yakitoa povu, hewa bado ipo. Usishikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde 5.

Dalili ya kupunguza mno ni hii: ukizungusha haraka wakati wa kuegesha, usukani unakaza ghafla kama umegonga kitu, kisha unaachia. Pampu imeshindwa kukufuata. Rudisha tundu kubwa kidogo.

Kwa upande wa msaada wa mafuta, uzito bora zaidi hutoka kwenye fimbo ya msokoto ndani ya vali, ile inayosokotwa na mkono wako ili kufungua njia ya mafuta. Fimbo nene inadai nguvu zaidi kabla ya msaada kuja. Lakini fimbo na vali husawazishwa pamoja kwenye mashine kisha kupigwa pini. Ukiifungua nyumbani, gari linaweza kujigeuza lenyewe injini ikiwashwa. Wapelekee wanaojenga upya reki na maboksi, na uwaambie unataka fimbo ngumu zaidi.

Kuvua mkanda wa pampu ili kupata usukani wa mkono ni wazo baya. Mafuta yaliyobaki yanasukumwa huku na huku na reki, fimbo ya msokoto inaleta ulegevu wa kudumu katikati, na uwiano wa reki hiyo haukupangwa kwa mikono mitupu. Mazda MX-5 ya kwanza inaonyesha tofauti hiyo: reki yake ya pawa ina uwiano wa 15:1, ya mkono 18:1. Ukitaka usukani wa mkono, tafuta reki ya mkono ya gari lako.

Stelingi ya umeme

Kwenye magari ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, angalia kwanza vitufe. Fiat Punto ya mwaka 1999, kwa mfano, ina kitufe cha CITY kinacholainisha usukani kwa ajili ya mjini. Baada ya hapo, kasta, tairi na kipenyo cha usukani vinafanya kazi vilevile. Usiweke rezista kwenye waya za sensa ya nguvu ya mkono. Sensa hiyo ina njia mbili ambazo kompyuta inazilinganisha muda wote, na zikipishana msaada unakatika palepale, hata ukiwa katikati ya kona. Kinachoruhusiwa ni kuweka upya sifuri ya sensa kwa mashine ya uchunguzi.

Skrubu isiyotakiwa kuguswa kwa tamaa

Juu ya boksi kuna skrubu yenye nati ya kufungia, na kwenye reki kuna kizibo chenye springi. Vyote ni vya kuondoa mchezo. Anayevikaza ili kupata uzito anasaga meno katikati, mahali usukani unapokaa sehemu kubwa ya safari. Boksi lirekebishwe magurudumu yakiangalia mbele kabisa na yakiwa hewani, kwa robo ya robo ya mzunguko kila mara, kisha usukani uzungushwe mwisho hadi mwisho. Pakikwama katikati hata kidogo, legeza. Damper ya stelingi (kizuia mtikisiko wa usukani) nayo haileti uzito. Inapinga kasi ya mkono tu, na mara nyingi imewekwa kuficha boljointi iliyokufa.

Fanya badiliko moja kwa wakati. Baada ya kila moja rudia mizani na kipimo cha kilomita 35. Namba ya mizani ikipanda huku usukani ukirudi digrii 70 au zaidi, umepata uzito unaotoka kwenye tairi. Ikipanda huku usukani ukibaki pale ulipouachia, ulichoongeza ni msuguano, na kazi hiyo uivunje uanze upya. Baada ya kilomita 500 kagua toki ya bolti zote ulizogusa, na upitishe kiganja juu ya tairi za mbele kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja ukikwaruza na mwingine ukiteleza, tou imesogea na gari linarudi kwenye alaimenti.